Kipande cha Mazoea

Njooni mkae, wanangu. Si hapo mlangoni kama watu wanaongoja lori. Hapa, karibu na kitanda, kwa sababu sauti yangu imeanza kunikimbia na sina tena pumzi ya kuikimbiza. Wewe mkubwa, zima hiyo simu. Wewe mwalimu, acha kunyoosha shuka, mama, shuka halina kosa. Na wewe kitinda mimba, usilie sasa. Ngoja nimalize, utalia ukiwa umeshajua unalilia nini. Haya ninayotaka kusema sitakuwapo kuyarudia, kwa hiyo kila mmoja ayasikie kwa masikio yake, asije kesho akasimuliwa na mwenzake, maana maneno ya marehemu yakipita vinywa vitatu huwa si yake tena.

Asubuhi hii nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, nanyi mkadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilisikia watu wakiingia uani. Nilisikia baiskeli ikiegemezwa kwenye ukuta wa ghala, nikasikia wanawake wakisalimiana kwa sauti ile ya watu waliotembea tangu alfajiri na bado wana nguvu za kucheka, nikasikia mtoto akikatazwa kufukuza kuku. Nikasikia na kikohozi kimoja ambacho nitakisema baadaye. Moyo ukainuka, mwili ukabaki. Kisha nikamsikia mkubwa akitoka nje kuongea nao, kwa adabu kabisa, sikatai: "Samahanini sana ndugu zangu, hali ya mzee si nzuri, anahitaji utulivu. Leo hakutakuwa na somo." Wakasema pole. Wakasema Mungu amjalie. Nyayo zikageuka, baiskeli ikaondolewa ukutani, sauti zikapungua hadi zikaisha, nanyi mkarudi ndani mkinyata kama wezi wa mayai, mkinong'onezana mzee apumzike. Wanangu, mmenitendea wema, na wema huo umeniuma kuliko huu ugonjwa. Utulivu ninao wa kutosha. Kama utulivu ungekuwa unauzwa sokoni, ningekufa tajiri.

Na jana jioni pia niliwasikia. Mlinijengea nyumba nzuri ya vigae, Mungu awalipe, lakini mnajua nimekataa kulala mle kwa sababu madirisha yake hayaoni shamba, nikabaki katika chumba hiki cha ubavuni mwa ghala, na ukuta wake ni wa udongo, unapitisha hata minong'ono ya panya. Mkubwa alisema amempata mnunuzi, mtu wa kujenga bohari la saruji, anataka sehemu ya barabarani na shamba lote lililo nyuma yake. Mwalimu akasema, tungoje, baba bado yu hai. Mkubwa akajibu, na hapa sauti yako ilikatika, mwanangu, nilisikia: "Kwani hamjaona mahindi ya barabarani? Manjano matupu, magugu yamefika kiunoni. Mtu aliyekuwa fundi wa kilimo leo hawezi hata kupalilia mbele ya macho ya watu. Mzee ameshindwa." Kitinda mimba akasema kwa sauti ndogo, tumemwacha peke yake mno. Baada ya hapo mkaenda kulala.

Basi jueni kwanza hili. Mahindi yale ya barabarani sikushindwa kuyapalilia. Niliyaacha vile kwa makusudi, msimu baada ya msimu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwa mikono hii. Niliwahi kutaka kuwaeleza kwenye simu, lakini simu zetu mnazijua zilivyokuwa: umeamkaje baba, umekula, haya salio linaisha. Mkija likizo mlikuta nimeshavuna, ardhi tupu, hakuna cha kuuliza.

Mimi na serikali tumejuana siku nyingi. Nilipokuwa kijana alikuja bwana mmoja mwenye kofia akatuamuru tupande kwa mistari, na asiyepanda kwa mistari aling'olewa miche yake. Tukapanda huku tunamlaani, na mavuno yalipokuwa mazuri tukazidi kumlaani kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ukaja ushirika, tukapeleka mazao ghala moja na kuuza kwa sauti moja, mpaka ghala likafungwa na popo wakahamia. Tukaambiwa sasa kila mtu ajiuzie mwenyewe, soko limekuwa huru. Tulipompata mnunuzi wa mbali mwenye bei ya maana, tukaambiwa mahindi yasivuke kizuizi, viongozi wana wasiwasi wa njaa. Ikaja mbolea ya ruzuku, jambo jema sana, ila ilikuwa na tabia ya kufika mahindi yakiwa yameshabeba. Siwasimulii haya ili muichukie serikali. Mchagua jembe si mkulima, na hilo ndilo jembe tulilopewa. Aliyelisusa kabisa nilimwona akilimia kucha.

Lakini katika yote yaliyoletwa, moja lilinishika moyo, nalo ni shamba darasa. Nyinyi mlikuwa mmeshaondoka, hata kitinda mimba. Alikuja bwana shamba mwembamba mwenye baiskeli ya serikali isiyo na breki, akatukusanya akasema mkulima haamini sikio, anaamini jicho. Kwa hiyo mmoja wetu atoe ardhi kando ya barabara, vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kilimwe kwa kanuni: mbegu bora, nafasi sawasawa, mbolea, palizi kwa wakati. Kingine kilimwe kwa mazoea, kama wavivu wetu wanavyolima: mbegu ya kuokota ghalani, kurusha tu, magugu yaachwe yajitawale. Halafu kila wiki watu wakutane pale, walinganishe, waulizane, wabishane. Nikanyoosha mkono. Sikujua kwamba najitolea kuwa mtu wa kuchekwa na wapita njia.

Kwa maana kulima vizuri nilikuwa najua. Kulima vibaya ndiko kulikonitoa jasho. Unapita, unaona gugu, mkono unakwenda wenyewe, unaurudisha nyuma kama mkono wa mtoto kwenye sukari. Na mama yenu ndiye aliyeshindwa kabisa. Alikuwa akiamka kabla yangu, eti anakwenda kuteka maji, kumbe anapitia barabarani na kukipalilia kipande cha mazoea, shina kwa shina, na majivu anaweka. Siku ya somo ikafika, watu wamejipanga, bwana shamba akanyoosha fimbo kuonyesha hasara ya uzembe, akaona mahindi yanameremeta huku na huku. Akatazama kipande hiki, akatazama kile, akavua kofia. "Mzee, hapa kibaya ni kipi?" Watu walicheka hata mmoja akaketi chini. Mama yenu alikuwa nyuma yao, mikono ameificha mgongoni. Tulipokuwa wawili akaniambia, "Mimi siwezi kupita mbele ya mahindi yanayoomba palizi nikajifanya sijaona. Kama serikali inataka mahindi mabaya, ije iyalime yenyewe." Ikabidi bwana shamba aje kumbembeleza kama mkwe.

Alipofariki, msimu ule kipande cha mazoea kilikuwa kibaya kweli, hakuna tena wa kukiibia palizi. Nilikuwa nasimama pale nayatazama yale magugu, nayo yananiambia hayupo kwa uwazi kuliko hata upande wake wa kitanda. Nyinyi mlikuja, mkazika, mkakaa siku zenu, mkarudi makazini, na siwalaumu, kazi ya mtu haimngoji amalize kulia. Mlipoondoka nikajua kwa mara ya kwanza kwamba nyumba ina sauti yake ikiwa tupu. Bati linalia, sufuria inalia, mtu ndiye hasemi.

Kilichoniokoa ni siku ya somo. Siku hiyo ua ulijaa. Walitoka kwenye vipande wakaja kukaa barazani, wanakunywa maji, wanabishana kama mbolea ya ng'ombe inashinda ya dukani, mmoja anamtania mwenzake kwamba shamba lake ni pacha wa kile kipande kibaya. Mama mmoja alikuwa akiondoka lazima afagie uani, sikumwomba. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi ndiye mwenyeji niliyepona. Serikali ilituletea mbegu na mbolea na maneno mengi, lakini jambo kubwa ililonipa mimi ni sababu ya watu kuingia kwangu siku moja katika wiki, na sidhani kama kuna mkubwa yeyote ofisini aliyewahi kukusudia hilo.

Kisha mpango ukaisha. Haukuuliwa na mtu mbaya. Wakubwa walitazama mavuno wakaona yamepanda, wakasema wakulima wameshaelimika, fedha ziende kwenye jambo jingine. Bwana shamba akahamishwa, baiskeli ikaenda naye. Tukaambiwa ushauri sasa utakuja kwa simu. Ndipo wewe, kitinda mimba, ukaniletea ile simu yenye mwanga, ukanifundisha kuifungua, nikashukuru. Basi niko shambani, simu inalia mfukoni, naacha jembe, nafuta mikono kwenye suruali, natafuta miwani, mbio mbio, nikidhani ni mmoja wenu. Nafungua: "Mkulima mpendwa, huu ni wakati wa kupanda." Nyingine inalia: "Mkulima mpendwa, palilia mapema." Upo mwaka mzima ulipita ambao hakuna mwingine aliyeniita mpendwa. Siku moja nikajibu, nikaandika kwa kidole kimoja, ahsante, mimi mzima, nanyi hamjambo huko? Simu ikaniambia ujumbe haukwenda. Nikacheka peke yangu, halafu nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona nikicheka. Hakuwapo mtu.

Na bado, wanangu, kila mvua ilipoanza nilipanda vipande viwili. Watu walipita wakasikitika, wengine wakanishauri kwa upole kwamba mzee, chako cha barabarani kimekushinda, tafuta kibarua. Niliwajibu naam, nitatafuta. Ningeweza kukilima kile kipande vizuri na kuvuna zaidi, mahindi ya kula sikuyakosa, lakini nilijua siku nitakayokifuta ndiyo siku nitakayokuwa nimekubali kwamba wale watu wa somo hawarudi tena. Kwa hiyo nikakipa magugu yake kila msimu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni asiyeandika anakuja lini.

Msimu huu ndipo alipopita yule binti, bibi shamba mpya. Ni mmoja tu kwa vijiji visivyo na idadi, na pikipiki anayopewa mafuta ya nusu mwezi. Nusu nyingine anatembea. Alisimama barabarani akatazama kipande hiki, akatazama kile, nami nikiwa ndani ya mahindi nikamwona anatabasamu. Akaita, "Shikamoo babu. Hili ni shamba darasa. Nani anafundisha hapa?" Nikamwambia marahaba, mwanangu, kwa sasa nafundisha ng'ombe wanaopita. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza nimekuwa nikifanya hivi peke yangu tangu lini. Nikamwambia aingie anywe maji. Aliniambia wakubwa huko juu wamebadili tena mawazo, wameona ujumbe wa simu hautoshi, wanataka wakulima wakutane kama zamani, lakini kuanzisha shamba darasa jipya kunataka msimu mzima na yeye hana. Hapa alilikuta limeshasimama. Akazunguka vitongoji vyote kuita watu. Tukapanga siku.

Siku yenyewe ndiyo leo. Somo la kwanza tangu baiskeli iondoke ndilo lile mlilolirudisha kutoka uani asubuhi hii. Usiiname, mkubwa. Ungejuaje? Hukosi radhi kwa jambo ulilolifanya kwa mapenzi.

Nipe maji kidogo, mwalimu. Taratibu. Yanatosha.

Sasa niseme juu ya kile kikohozi. Mnamjua jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, yule ambaye watu humwita Bwana Nilisema, kwa sababu hakuna baya lililotokea hapa ambalo yeye hakuwa amelisema kabla. Mlipokuwa wadogo mlikula kwake, yeye na mimi tulikuwa pua na mdomo. Shamba darasa ndilo lililotutenganisha. Alitaka liwe kwake, bwana shamba akachagua kwangu kwa ajili ya barabara tu, si kwa ajili ya ubora wangu, lakini jirani akaona nimempita mlango wa nyuma. Tangu siku ile hakukanyaga somo hata moja. Mbolea ilipochelewa, akasimama ng'ambo ya mfereji akasema nilisema. Bei ilipoanguka, nilisema. Mpango ulipofungwa alisema kwa sauti kubwa, nikafunga dirisha. Salamu zikafa. Tumeishi hivyo, wazee wawili, mfereji wa kuruka mtoto katikati yetu, kila mmoja anausikia mlango wa mwenzake unavyofungwa jioni, na hakuna anayesema umeshindaje.

Lakini mama yenu alipougua na mimi nikawa silali wala silimi, nakaa naye tu, shamba letu la nyuma, kule bondeni, lilipaliliwa. Nililikuta safi. Udongo ulikuwa umevutwa kutoka upande wa kushoto, na hapa kwetu anayeshika jembe kwa kushoto ni yeye peke yake. Hakusema, nami sikusema. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hilo tunaimba tangu utotoni, halafu mtu anakufaa katika dhiki na kiburi kinakuzuia kuvuka mfereji kumwambia ahsante. Basi asubuhi hii, wanangu, kati ya watu waliokuja kwenye somo nilisikia kikohozi chake. Ndani ya ua wangu. Alikuwa amekuja, baada ya umri wote huo, amekuja kujifunza kwangu au kunibishia, yote kwangu ni sawa. Naye akaambiwa na mwanangu aende, mzee anahitaji utulivu.

Hilo ndilo lililonifanya niwaite kabla jua halijawa kali. Sikilizeni maagizo yangu, nitayasema mafupi.

Nyumba ya vigae ni yenu watatu, asiiuze mmoja bila wawili. Ng'ombe ni wa mwalimu. Ana ukaidi wa mama yenu, hataki kukamuliwa na mtu mwenye haraka, mwimbie. Jembe la kukokota na minyororo yake ni vya kitinda mimba. Najua huna ng'ombe wa kulivuta na kazi yako ni simu, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukipanda juu yake ukisema ni gari, kwa hiyo ni lako. Mahindi yaliyo ghalani wapikieni watakaonizika, yatakayobaki agaiwe yule mama aliyekuwa akifagia ua. Mkubwa, wewe nakuachia deni. Si la fedha. Palizi ya lile shamba la bondeni sijairudisha. Mvua zijazo utakwenda kwa Bwana Nilisema na jembe lako, utapalilia kipande atakachokuonyesha, na usimtume kibarua. Akikwambia unapalilia vibaya, na atakwambia, mjibu ndiyo baba.

Shamba la nyuma gawaneni sawa. Sitaki kuwatia pingu, nimeona mashamba mengi yaliyofungwa na neno la marehemu yakaishia kuwa msitu kwa heshima. Limeni, kodisheni, hata kuuza uzeni siku mkibanwa. Lakini vipande viwili vya barabarani visiuzwe. Viwe darasa maadamu kuna mtu mmoja wa kuja. Najua bila barabara mnunuzi wako hatalitaka la nyuma. Najua, mkubwa. Nimepungukiwa pumzi, sijapungukiwa akili.

Na mtauliza nani atavilima. Cha kanuni watakilima bibi shamba na wale watu, wanajua, hawawahitaji nyinyi. Cha mazoea kinabaki bila mwenyewe, kwa sababu hakuna mkulima anayetaka jina lake litajwe pale. Basi hicho ninawaachia nyinyi. Mnacheka? Chekeni, ndivyo ninavyotaka. Katika ukoo huu hakuna watu wanaoweza kulima vibaya kuliko wanangu watatu. Njooni mvua zikianza, mrushe mbegu mnavyojua, msahau palizi, mje tena kuona aibu yenu mbele ya watu siku ya somo, mchekwe, mle pamoja, muondoke. Hayo ndiyo masharti. Sikuwafundisha kilimo, niliwapeleka shule ili mkwepe jua hili, na mlipolikwepa mkanikwepa na mimi humo humo, bila kupenda. Haikuwa nia yenu. Lakini nimekaa nikawaza, mimi nikiondoka, nini kitawaleta nyinyi watatu mahali pamoja? Kila mmoja ana mji wake, ana mlango wake, ana simu yake ya salio linaisha. Mtazeeka kama nilivyozeeka. Sitaki. Upweke ni ugonjwa ambao haumtoi mtu damu, kwa hiyo hakuna anayeuona, na serikali haina ruzuku yake.

Nimechoka. Ngoja... ngoja kidogo.

Msinizike kwa haraka na msinizike kwa makuu. Kando ya mama yenu, upande wa kulia, maana upande wa kushoto alikuwa akilalamika nachukua nafasi. Aliyenikosea nimemsamehe, na niliyemkosea mwombeeni radhi kwa niaba yangu, mtu akidai nilimkosea msibishane naye, kubalini tu. Mungu awafungulie riziki. Mungu awape watoto wanaorudi nyumbani. Msipitwe na mvua, msikose wa kuwapigia hodi, na ugomvi wenu usivuke msimu mmoja. Mikono yangu hainyanyuki, ileteni vichwa vyenu hapa chini. Haya. Mkubwa. Mwalimu. Na wewe, kitinda mimba wangu, baba yako anakupenda, nilitaka kukuandikia kwenye ile simu, sikujua kibonye.

Sasa ondokeni. Wale watu hawajafika mbali. Mwenye mtoto hatembei upesi, na pikipiki sikuisikia, bibi shamba leo hana mafuta. Wafuateni. Mkubwa, wewe nenda kwa jirani, ruka mfereji, usizunguke barabarani. Mwambie... mwambie namuita, somo lipo. Kitinda mimba, shika njia ya mtoni. Msiwalete hapa kitandani kunitazama na kunipa pole. Wapelekeni barabarani, kwenye vipande, wafundishwe, wabishane, wacheke kwa sauti. Dirisha lifungueni, nitasikia kutoka hapa.

Mwalimu, wewe baki na... hapana. Nenda nawe, mama, una sauti ya darasani, utawaita wakiwa mbali. Nendeni wote watatu. Msiogope kuniacha. Kukaa peke yangu ninakujua, hiki kipindi kifupi hakitanishinda. Kimbieni, wanangu. Kimbieni kabla hawajafika kwao.